Beseni, Kivuli na Mshono: Kufua Yukata ya Pamba Nyumbani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa vitambaa, karibuni.

Nianze na jina lenyewe. Yukata ni kifupi cha yukatabira, neno la kale la Kijapani lenye maana ya vazi la kuogea. Enzi za Heian, zaidi ya miaka 800 iliyopita, waungwana waliingia vyumba vya mvuke wakiwa wamevaa joho jepesi la kitani. Pamba ilipoanza kulimwa kwa wingi Japani katika karne ya 16, na mabafu ya umma yalipoenea mijini enzi za Edo (karne ya 17 hadi ya 19), vazi lile likashonwa kwa pamba. Watu walilivaa wakitoka majini ili linyonye maji mwilini. Polepole likazoea kutoka nje, likawa vazi la jioni za kiangazi, na leo ndilo utakaloliona kwenye sherehe za fataki na kwenye nyumba za wageni zenye chemchemi za maji moto.

Kwa hiyo tunazungumzia nguo iliyozaliwa majini. Anayekushauri uipeleke drai klina kila unapoivaa anaifananisha na kimono ya hariri, na ushauri wake una hasara mbili. Ya kwanza ni pesa. Ya pili ni kwamba dawa ya drai klina inatoa mafuta, wakati jasho ni maji na chumvi, na vitu hivyo vinataka maji. Yukata iliyovaliwa kiangazi kizima ikaishia drai klina tu hurudi ikinukia vizuri. Mwaka unaofuata ukiifungua, makwapa na ukosi vimeshakuwa vya njano.

Sasa tuitazame nguo kabla hatujailowesha, maana namna ilivyoshonwa ndiyo inayotuambia namna ya kuifua.

Kitambaa cha kimono hakiuzwi kwa upana wa mita moja na nusu kama tulivyozoea madukani. Kinakuja katika jora jembamba. Jora moja, ambalo Wajapani huliita tan, lina upana wa sentimita 36 hadi 38 hivi na urefu wa mita 12 hivi, na linatosha nguo moja ya mtu mzima. Fundi hakati mviringo hata mmoja. Anakata mistari iliyonyooka: vipande viwili vya mwili, viwili vya mikono, viwili vyembamba vya mbele viitwavyo okumi, ukosi, na kipande kifupi cha kuufunika ukosi pale unapogusa shingo. Jumla vipande 8. Kitambaa kinachozidi hakitupwi. Kinakunjwa na kufichwa ndani ya mshono.

Mshono wenyewe, kama nguo imeshonwa kwa mkono, ni wa sindano ya kuzama na kuibuka, kama ule wa kupiga bandi, ila mdogo na wenye mpangilio. Kisha kitambaa hulazwa juu ya mshono kwa milimita 2 hivi ili uzi usionekane. Mkunjo huo unaitwa kise. Chukua yukata yako uvute polepole pande mbili za mshono wa ubavuni. Utauona uzi ukichungulia, na ukiachia unajificha tena. Mkunjo huo wa milimita 2 ndio wa kwanza kuvurugika nguo ikifuliwa kwa nguvu, na ukishavurugika mshono wote unaonekana umepinda hata kama haukuachia.

Jambo lingine ambalo wengi hulifikiria kinyume: pamba ikilowa haidhoofiki, inazidi nguvu. Yukata haichaniki kwa sababu kitambaa kimekuwa dhaifu majini. Inachanika, au mshono unafumuka, kwa sababu nguo ya gramu 600 imenyonya maji mengi mno, kisha mtu ameishika mabegani na kuinyanyua kutoka kwenye beseni. Uzito wote huo unaning'inia kwenye uzi mmoja mwembamba unaoshika mkono wa nguo. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza ni hii: yukata iliyolowa hubebwa kwa mikono miwili kutoka chini, kama unavyombeba mtoto aliyelala.

Ndugu zangu wa pwani wana mwanzo mzuri katika jambo hili. Kanga ni pamba iliyotiwa rangi, na katika karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Anayejua kuiloweka kanga mpya peke yake, kuitoa ule wanga wa kiwandani na kuianika kivulini, ameshajua nusu ya kazi. Nusu iliyobaki inatokana na tofauti moja: kanga ni kipande kimoja chenye pindo, yukata ni vipande 8 vilivyoshikiliwa na uzi.

Kabla ya maji, jua umeshika nini. Geuza nguo utazame upande wa ndani. Kama ndani ni pamepauka na nje pana rangi kali, kitambaa kimechapwa juu, na rangi za kisasa za namna hiyo kwa kawaida hukaa vizuri. Kama pande zote mbili zinafanana kabisa na kingo za maua zina ukungu mwororo kidogo, huenda ni chusen. Kitambaa hukunjwa tabaka juu ya tabaka, rangi humiminwa kutoka juu na kufyonzwa hadi chini, kisha furushi hugeuzwa na kumiminiwa tena. Ni kazi iliyoanzia Osaka, na leo inafanywa pia Tokyo na Hamamatsu. Chusen mpya inaweza kuchuja katika mafuo ya mwanzo, kwa hiyo ifue peke yake.

Kama michoro ni myeupe juu ya buluu nzito na kingo zake zina mtetemo, kana kwamba mtu alichora mkono ukitikisika, hiyo ni kasuri. Nyuzi zilifungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Kasuri ya Kurume, mkoani Fukuoka, inahesabiwa kuanzishwa na Inoue Den, aliyezaliwa mwaka 1788 na kuigundua njia hiyo akiwa bado msichana mdogo. Hiki ni kitambaa cha kazi na cha kila siku, na kinavumilia kufuliwa kuliko vingine vyote nitakavyovitaja.

Kisha kuna vitambaa vyenye uso usio sawa. Shibori ya Arimatsu, karibu na Nagoya, ina vinundu vilivyotokana na kufungwa kwa uzi wakati wa kutiwa rangi. Shijira ya Tokushima ina mikunjo midogo iliyofumwa humo humo kwa kuzitofautisha nyuzi za mtande, yaani za urefu, katika mvuto wake. Mikunjo hiyo ndiyo inayokiinua kitambaa kutoka kwenye ngozi na kuleta ubaridi. Vitambaa hivi viwili vinafulika nyumbani, lakini havivutwi vikiwa vimelowa na havigandamizwi kwa pasi. Ukivinyoosha umeua kile ulichokilipia.

Nguo yoyote yenye nyuzi za dhahabu, yenye hariri ndani, au yenye bitana, iache nje ya beseni. Obi, ule mshipi mpana wa kiunoni, vilevile.

Jaribio ni la dakika 5. Tafuta sehemu ya kitambaa iliyofichwa ndani ya mshono wa pindo. Idondoshee maji yenye tone la ile sabuni utakayotumia, igandamize kwa kitambaa cheupe kilicholowa, subiri, kisha tazama. Ukipata kivuli chepesi cha rangi, fua peke yake na kwa haraka. Rangi ikihamia kwa uzito, na ikiwa nguo ina sehemu nyeupe unazozipenda, mpe fundi anayezijua nguo hizi.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza piga bandi ukosi: uzi mweupe wa pamba, hatua ndefu za sentimita 3 au 4, kupita katikati ya ukosi wote. Ukosi una tabaka kadhaa za kitambaa, na usiposhikizwa zitatembea zenyewe ndani na kukuachia bonge shingoni ambalo pasi hailiwezi. Kisha ikunje nguo: mgongo katikati, mkono juu ya mkono, ukosi ukibaki upande wa nje kwa kuwa ndio mchafu kuliko pote. Urefu wake ukunje mara tatu au nne mpaka upate furushi bapa la karibu sentimita 40 kwa 50. Litie kwenye mfuko wa wavu unaolitosha sawasawa. Mfuko ukiwa mkubwa, nguo itajikunjua ndani yake na hutakuwa umefanya kitu.

Weka lita 15 za maji baridi kwenye beseni pana, au kwenye bafu. Yasizidi nyuzi joto 30. Tia sabuni ya maji isiyo na magadi makali, ile ya nguo laini, mililita 20 hadi 30. Chupa ikisema vinginevyo, ifuate chupa. Koroga sabuni iishe kabla hujatia nguo. Kwenye ukosi na ncha za mikono paka sabuni kidogo kwa vidole, gongagonga kwa brashi laini, usisugue. Kusugua kunachubua nywele za pamba, na mahali pale patabaki na weupe kama vumbi hata baada ya kukauka.

Zamisha furushi. Ligandamize kwa viganja viwili mpaka chini, liachie linyanyuke, gandamiza tena. Mara 20, geuza, mara 20 tena. Kazi yote isizidi dakika 5. Usiloweke usiku kucha. Hapo ndipo yukata nyingi za michoro myeupe zinapoharibikia, maana rangi iliyojiachia inabaki majini inatafuta mahali pa kukaa, na nyeupe ndiyo iliyo karibu.

Mwaga maji nguo ikiwa ndani ya beseni, gandamiza yatoke, tia maji mengine ya joto lile lile. Suuza hivyo mara mbili au tatu mpaka povu liishe. Usiisokote hata kidogo. Itie kwenye mashine ikaushe maji kwa sekunde 30 hadi dakika moja, basi. Dakika 5 zinaleta makunyanzi yaliyokaa kama yameandikwa. Huna mashine? Tandaza taulo kubwa, laza nguo, viringisha pamoja, kandamiza. Na kama unataka mashine ifanye kazi yote, tumia ule mzunguko wa nguo laini, wavu na kukunja vikiwa vilevile. Kikaushio cha moto hapana. Nitaeleza nikifika kwenye kurudi kwa nguo.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye nili, ile rangi ya buluu nzito, kwa sababu hapa ndipo ushauri mbaya unapozunguka zaidi.

Nili haiyeyuki majini. Ndani ya pipa la mtia rangi, kwa uchachu na maji ya majivu, inageuzwa kwa muda kuwa kitu cha kijani-manjano kinachoyeyuka, na kitambaa kinakinywa. Kitambaa kikitolewa, hewa inaigeuza palepale kuwa buluu isiyoyeyuka. Mtia rangi anarudia, anarudia, na kila kuzamisha kunaongeza tabaka. Nili basi imekaa kwenye uzi kama chembe zilizonaswa, nyingi zikiwa juu juu. Haikufungamana na pamba kama rangi nyingine zinavyofanya. Ndiyo sababu nguo mpya ya nili inapaka vidole vyako buluu hata ikiwa kavu, na inapaka obi nyeupe, na kochi.

Sasa mtu anakwambia loweka kwenye siki, loweka kwenye chumvi, rangi itashika. Chumvi ina kazi yake kwenye sufuria ya rangi za aina nyingine, inazisukuma ziingie kwenye pamba. Chembe za nili zilizolegea haziwezi kufungwa na chumvi wala siki, na siki kali usipoisuuza vizuri haiisaidii pamba. Kinachosaidia ni kuziondoa zile chembe zilizolegea: mafuo matatu au manne ya mwanzo peke yake, maji mengi, muda mfupi, kugandamiza bila kusugua, na kuikausha imegeuzwa. Baada ya hapo kupaka kunapungua sana.

Nili ya asili ya Awa, yaani Tokushima ya leo, hutengenezwa kwa majani yaliyovundikwa kwa takriban siku 100, na nguo yake mpya huja na mabaki ya rangi ya hudhurungi. Ukiyaona maji ya kwanza yakiwa ya kahawia-manjano badala ya buluu, usishtuke. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 30 hadi 40 kwa dakika chache, badilisha maji, rudia mpaka yatulie. Buluu inang'aa zaidi uchafu huo ukitoka, na katika kasuri sehemu nyeupe, zilizokuwa na kivuli cha samawati, zinazidi kuwa nyeupe mwaka hadi mwaka. Ni nguo inayopendeza kadiri inavyofuliwa, na hilo linatufurahisha kila tunapoliona.

Adui wa kweli wa nili ni klorini. Dawa ya kung'arisha, ile wengi wetu tunaiita jiki, inaivunja rangi yenyewe. Tone moja ni doa jeupe la milele. Na adui aliyejificha ni sabuni ya unga ya kawaida. Nyingi zina dawa ya kuzifanya nguo nyeupe zing'ae kwa kimulimuli cha buluu. Kwenye shati la shule ni sawa. Kwenye pamba yenye rangi ya maziwa isiyong'arishwa, dawa hiyo inashika mabaka mabaka, na huna cha kuitolea. Soma pakiti.

Sasa kurudi. Kitambaa kipya cha pamba ambacho hakijawahi kulowekwa kinaweza kurudi asilimia 3 hadi 5. Fanya hesabu: nguo ya urefu wa sentimita 160 ikirudi asilimia 3 inapungua karibu sentimita 5. Sababu iko kwenye mtambo. Nyuzi za mtande, zile za urefu, hukazwa sana wakati wa kufuma. Maji yanazilegeza, zinanenepa, zinajikunja tena kati ya nyuzi za mshindio, zile za upana. Mshindio haukukazwa kiasi hicho. Kwa hiyo yukata inafupika zaidi ya inavyobana: urefu wa mwili na mteremko wa mikono hupungua, wakati upana kutoka mgongoni hadi ncha ya mkono unabaki karibu ule ule. Joto la kikaushio, pamoja na kule kurushwarushwa, linaumaliza mvutano uliobaki kwa siku moja, na ndiyo maana tumekikataza.

Ukinunua jora kabla ya kushonwa, dawa ni kulilowesha kwanza, kazi iitwayo mizutoshi. Likunje zigizaga kama feni, liloweke kwenye maji safi kwa saa kadhaa au usiku mmoja, wanga wa kiwandani nao utoke. Gandamiza, anika kivulini juu ya ufito, na lipigwe pasi likiwa na unyevu, pasi ikifuata urefu na mshindio ukiwekwa pembe mraba. Mwambie fundi wako afanye hivyo hata kama anaona ni kupoteza siku.

Kama nguo imeshashonwa na imerudi, tazama kiunoni, chini ya mahali obi inapokaa. Nguo nyingi zilizoshonwa kwa mkono zina mkunjo wa kitambaa cha akiba pale, unaitwa uchiage. Fundi anaufumua na kukurudishia sentimita kadhaa. Wanawake wana nafuu nyingine: yukata yao huvaliwa ndefu kuliko mwili na kukunjwa kiunoni, kwa hiyo sentimita 5 zinapotelea kwenye mkunjo. Wanaume hawana mkunjo huo. Nguo yao inafika kifundoni na kuishia hapo, na sentimita 5 zikipungua kila mtu anaziona. Kwa yukata ya mwanamume kuweni wakali zaidi kuhusu joto la maji.

Wanga. Unaifanya nguo isimame, isigandamane na mwili, na uchafu unaushika wanga kabla ya kuushika uzi, kwa hiyo hutoka kirahisi. Changanya kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi, muhogo au mchele kwenye maji kidogo ya baridi, mimina kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, koroga mpaka uive na kuwa wazi, chuja, ongeza maji baridi ufikie lita 3. Zamisha nguo iliyosuuzwa, igandamize sawasawa. Wanga usioiva au usiochujwa unaacha unga mweupe kwenye buluu, hasa mishononi. Shibori na shijira ziache bila wanga.

Kuanika: pitisha ufito mkono hadi mkono. Kiango cha mashati ni kifupi. Mabega yatateremka na kukauka yakiwa na pembe. Unahitaji karibu sentimita 130. Geuza ndani nje, kivulini, penye upepo. Fumua bandi ya ukosi. Kisha weka kiganja kimoja ndani ya nguo na kingine nje, upige makofi mepesi kitambaa kikiwa katikati, kutoka juu kwenda chini. Halafu shika kila mshono juu na chini, uvute kwa upole kufuata urefu wake. Mishono ina tabaka nyingi, inachelewa kukauka, na uzi wake hurudi kwa kipimo tofauti na kitambaa; usipoivuta sasa itakaukia ikiwa imejikunyata. Hizi dakika 3 zinapunguza nusu ya kazi ya pasi.

Ishushe ikiwa bado na unyevu kidogo. Pasi ya wastani, takriban nyuzi 150, upande wa ndani, kitambaa chembamba cha pamba kikiwa katikati. Anza na mikono, kisha ukosi, mwisho mwili. Pasi iende kwa urefu wa kitambaa, isiende mshazari, maana mshazari unavuta mstatili ukawa jahazi. Kwenye kila mshono laza kise upande ule ule iliokuwa imelala. Shibori na shijira zipewe mvuke tu, pasi ikiwa juu hewani.

Ipo njia ya zamani zaidi, na inaeleza kwa nini vipande vyote ni mstatili. Inaitwa arai-hari. Nguo nzima inafumuliwa. Vipande 8 vinashonwa kichwa kwa mkia mpaka vinakuwa tena jora moja refu, linafuliwa likiwa bapa, bila mshono wa kulinda. Kwa pamba, vipande vilizamishwa kwenye gundi nyepesi ya funori, mwani mwekundu uliokaushwa, ukachemshwa na kuchujwa, kisha vikalazwa juu ya ubao mrefu laini. Mtu alikilainisha kitambaa kwa kiganja kutoka katikati kwenda kingoni, akitoa kila kiputo cha hewa na kunyoosha nyuzi, na kuusimamisha ubao nje. Kikikauka, anashika pembe na kukibandua: kinatoka kimenyooka, kikavu, na sauti yake kama karatasi. Pasi haikuhitajika. Kipande kimoja kilichofumuliwa unaweza kukifanyia hivyo hata leo kwa wanga mwepesi kwenye mlango wa kioo uliooshwa vizuri.

Na wakati wa kushona upya, pindo lililochakaa linahamishiwa kiunoni ndani ya uchiage, okumi ya kulia iliyopauka inakwenda kushoto inakofunikwa… Nisahihishe hapo, maana kushoto ndiko kunakokaa juu: kilichopauka cha kushoto ndicho kinachopelekwa kulia, chini, kisipoonekana. Nguo ya mikato ya mviringo haiwezi kufanyiwa hivi.

Madoa nitayapitia haraka. Damu: maji baridi mara moja, kamwe yasiwe moto. Matope: yaache yakauke kabisa, yapukute kwa brashi, ndipo ufue. Vipodozi ukosini: tone la sabuni ya vyombo, gongagonga, suuza. Jasho: hata kama huna nafasi ya kufua, siku hiyo hiyo pitisha maji safi kwapani, mgongoni na ukosini. Njano ya zamani kwenye nguo nyeupe inaweza kusaidiwa na dawa ya kung'arisha ya oksijeni, baada ya jaribio. Kwenye nili usiijaribu.

Mwisho ni kabati. Ufuo wa mwisho wa msimu usitie wanga, na wanga uliokuwamo utoke wote. Nondo hali pamba, lakini wanga ni chakula cha kuvu na cha kile kijidudu chembamba cha rangi ya fedha kinachotafuna vitabu. Ikauke siku nzima baada ya pasi, kwa sababu nguo iliyotoka kwenye mvuke ina unyevu usiousikia kwa mkono. Kunja kwa kufuata mishono, funga kwa karatasi, na usitumie mfuko wa plastiki. Wajapani wanatumia karatasi iitwayo tatoshi na masanduku ya mti wa kiri. Karatasi safi isiyo na maandishi na rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni zinatosha Tanga au Mombasa. Ukiweka kafuri, kafuri peke yake. Ukiweka naftalini, naftalini peke yake. Zikikaa pamoja zinayeyushana na kudondoka kama mafuta juu ya nguo.

Mara mbili au tatu kwa mwaka, siku kavu yenye upepo, ifungue uitundike kivulini kwa saa chache. Itazame na karatasi pia. Ukiona imeanza vidoadoa vya hudhurungi, ibadilishe siku hiyo hiyo, kwani unyevu huonekana kwenye karatasi kabla haujafika kwenye pamba.